Kitambaa Kwenye Mtumbwi wa Rubisi

Watoto wa majirani hapa Miembeni wanaijua sheria yangu moja kuliko wanavyolijua jina langu: ukimaliza jaribio, toa kitambaa. Kila Jumamosi asubuhi napanga kwenye meza ya barazani vikombe viwili, kimoja juu ya tofali, kingine kidogo zaidi chini kando yake, na kipande cha khanga kuukuu kinachotoka ndani ya kile cha juu, kinavuka ukingo na kuning'inia hadi ndani ya kile cha chini. Tunayo majaribio mengine. Tuna chupa niliyoitoboa matundu matatu, la juu, la kati na la chini, ili waone lipi linarusha maji mbali zaidi, nao hubishana kila wiki kama vile jibu limebadilika. Tuna mabua ya mpapai tunayoyafanya mabomba. Lakini wanalolipenda ni lile la kitambaa, kwa sababu maji yanafanya jambo ambalo mama zao wamewaambia hayawezi: yanapanda. Yakishaanza kudondoka kikombe cha chini wao hukimbilia mpira, na mimi hubaki pale nikiyatazama. Nakitoa kile kitambaa, nakikamua, nakianika, kisha narudi kuhakikisha nimekitoa. Mwanangu husema ni uzee. Si uzee. Nimekuwa hivi tangu nina miaka kumi na miwili.

Jumamosi ile simu iliita kikombe cha juu kikiwa nusu. Alikuwa Jovina, binti mkubwa wa Ta Kaijage wa Kagoma. "Mwalimu," alisema, "mzee ametutoka alfajiri." Nilimpa pole, akapokea, kisha akasema tunazika Jumatatu na kwamba mzee aliacha neno kuhusu mimi. Wasemaji wengine wapewe dakika mbili mbili, lakini mimi niachiwe muda. Nikamuuliza, sauti yangu ikiwa ndogo kuliko nilivyotaka, "Alisema niseme nini?" Jovina akajibu, "Alisema unajua." Nilikuwa najua. Mtoto mmoja alinivuta gauni akaniambia kikombe cha chini kimejaa na maji yanamwagika mezani, na kweli yalikuwa yanamwagika, na mimi nimesimama tu na simu sikioni.

Mwaka ule, nikiwa na miaka kumi na miwili, nilitolewa kwetu Hamugembe nikapelekwa Kagoma kwa shangazi yangu, Ma Elina, nisome huko. Sababu zake ni za wazazi na haziingii hapa. Ninachokikumbuka ni nyumba: sebule iliyotandikwa nyasi, harufu yake ya shambani hata ukiwa ndani, na chumba nilicholala ambacho kilitengwa na cha shangazi kwa ukuta wa matete. Ukuta wa matete hauzuii neno. Kila walichosema shangazi na mumewe, Ta Ishengoma, nilikisikia, na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa wasiwasi, nilikuwa na hakika kwamba kila walichosema kilinihusu mimi. Wakisema chumvi imekwisha, nilijiona nimeimaliza mimi. Jioni tulikula ndizi na maharage kwenye jani moja kubwa, na nilizoea kula upande wangu tu, taratibu, nisije nikaambiwa mgeni ana mkono mrefu.

Shuleni tulikuwa na mwalimu kijana wa sayansi ambaye hakuwa na kifaa hata kimoja. Alikuwa anatuambia maabara ni jikoni kwa mama yako. Ijumaa alitupa majaribio matatu kuhusu mwendo wa maji, tukayafanye nyumbani na kuandika matokeo kwenye daftari. La kwanza lilikuwa kopo lenye matundu, nikalifanya. La pili, bua la mpapai, nikalifanya, nikalowa. La tatu lilikuwa la kitambaa, na mwalimu alimalizia kwa swali ambalo ningeomba asingeliuliza: "Je, vimiminika vingine navyo hupanda? Chunguza." Mimi nilikuwa mtoto wa kuchunguza nikiambiwa chunguza.

Maana wiki hiyohiyo nyumba ile ilikuwa inajiandaa kupeleka rubisi, pombe ya ndizi, ukweni. Edisoni, mtoto wa shangazi, alikuwa anaoa, na mshenga alikwishawatangazia wakwe kwamba vitakuja vibuyu vinane. Shangazi alikuwa ameokoka, hakuonja tone, lakini ukimuuliza atakwambia rubisi ya kupeleka ukweni si pombe, ni heshima. Ndizi zilikuwa zimeiva shimoni, mtumbwi wa kukamulia ukaburutwa hadi chini ya migomba nyuma ya nyumba, na akaitwa mkanyagaji bora wa Kagoma nzima, Ta Kaijage. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, mrefu, miguu myembamba. Alinawa miguu yake kwa makini kama daktari anavyonawa mikono, akaingia mtumbwini, akaanza kukanyaga ndizi pamoja na nyasi huku akiimba, na togwa ya ndizi ikatoka safi, nyepesi, ya dhahabu. Watu walisema mguu wa Kaijage hauachi tone ndani ya ndizi. Walisema pia, wakicheka, kwamba koo lake haliachi tone ndani ya kibuyu.

Mchana wakanyunyiza unga wa mtama uliokaangwa. Ta Ishengoma akachukua panga, akakata alama ndogo ubavuni mwa mtumbwi pale kimiminika kilipofikia. Hiyo ilikuwa desturi yake kila alipotengeneza rubisi. Mimi nilikuwa pembeni na kipande changu cha khanga. Watu walipokwenda kula, nilikikunja mara nne, nikazamisha ncha moja upande wa nyuma unaotazama migomba, nikaivusha nyingine ukingoni hadi chini kwenye nyasi, nikachuchumaa kusubiri. Ikapanda. Polepole, ukijani wa khanga ukawa mweusi kwa unyevu, inchi moja, inchi mbili, ukavuka ukingo. Nilifurahi peke yangu. Nilitaka kukitoa, ninaapa, nilikuwa nimenyoosha mkono. Shangazi akaita, "Koku! Maji ya wageni yako wapi?" Nikakimbia kisimani na ndoo, na niliporudi wanaume walikwishaufunika mtumbwi kwa majani ya migomba na kuyagandamiza kwa magogo, na Ta Kaijage amekaa kando yake na kibuyu alichopewa cha pombe iliyokamuliwa safari iliyopita. Mkanyagaji ndiye aliyekuwa mlinzi. Ningeweza kusema, "Ta, nimesahau kitambaa changu." Maneno manne. Lakini mtoto wa kike kuchezea rubisi ya ukweni! Nikajiambia ni kitambaa tu, kitanywa kikombe kimoja, kitashiba.

Kitambaa hakishibi. Hili huwa nawaeleza watoto Jumamosi: maji hushikamana na nyuzi, tena hushikamana yenyewe kwa yenyewe, ndiyo maana hupanda. Na yakishavuka ukingo, uzito wake huyavuta chini, na yale yaliyo nyuma huvutwa nayo, na hayaachi mpaka ukitoe kitambaa au kikombe cha juu kiishe. Nilipoamka kulipopambazuka nikaenda nyuma ya nyumba kama naenda chooni. Ta Kaijage alikuwa amelala, kibuyu kitupu kifuani. Nikaingiza mkono chini ya majani, nikavuta. Kilikuwa kizito, baridi, kinanuka utamu, na nyasi chini yake zilikuwa chepechepe na sisimizi wamejaa. Ardhi ya kibanja, shamba letu la migomba, inakunywa kila kitu, haikuacha hata dimbwi. Nikakikamua, nikakifukia kwenye matandazo mgombani, nikarudi kitandani na kujifanya nimelala, na moyo ukinidunda mpaka niliogopa ukuta wa matete utasikia.

Walifunua asubuhi, wazee wanne wakitazama. Rubisi ilikuwa chini ya ile alama kwa vidole vinne. Ta Ishengoma aliweka vidole vyake pale pakavu, akavihesabu, kisha akamtazama Kaijage.

"Kaijage, tumepungukiwa."

"Waitu, mzee wangu, sikugusa," alisema Kaijage. "Nilikunywa mlichonipa. Nikalala."

"Ulilala saa ngapi?"

"Sikumbuki."

"Uliamka katikati?"

Kaijage akatazama mikono yake, mbele na nyuma, kama anaiuliza. "Sikumbuki," akasema tena, na safari hii ilikuwa kwa sauti ya chini. Mzee mmoja akacheka bila furaha, akasema kiu haina kumbukumbu. Mimi nilikuwa mlangoni na sahani ya ndizi zilizomenywa, na nilimwona mtu akianza kujishuku mwenyewe. Shangazi alisema tu, "Mawe!" yaani mama wee, akaingia ndani.

Kwa Ta Ishengoma rubisi ya ukweni ilikuwa haiongezwi, si kwa maji wala kwa ya jirani. Inatoka mtumbwi mmoja. Vikaenda vibuyu sita. Wakwe waliuliza mbele ya watu vile vibuyu viwili vimeangukia wapi, na ingawa ndoa ilifungwa, nyumba yetu iliitwa nyumba ya vibuyu sita kwa miaka. Nyuma ya matete nilimsikia shangazi akisema, "Kaijage ni mtu wetu." Mumewe akajibu, "Ni mtu wetu mwenye kiu. Hatakanyaga tena hapa." Na hakukanyaga, si kwetu wala kwa mtu mwingine. Neno lilizunguka Kagoma, na mtu aliyesifiwa kwa miguu akabaki analimia watu vibarua. Nilikutana naye njiani mara kwa mara nikienda shule. Alikuwa ananisalimu vizuri, na mimi nilikuwa naitikia nikitazama chini. Kwenye daftari, chini ya jaribio la tatu, niliandika: Hakuna kilichotokea. Mwalimu akaweka alama ya kukosa na kuandika pembeni, "Rudia." Sikurudia. Nilikuwa nalia nikiona kitambaa cha kufutia ubao kimelowa.

Kabla mwaka haujaisha, Jumapili moja kanisani, baada ya mahubiri, watu wakasimama kushuhudia kama ilivyo kawaida ya waliookoka kwetu. Ta Kaijage akasimama kule nyuma. Akaja mbele, kofia mkononi. Akasema, "Ndugu zangu, mimi nilikunywa rubisi ya watu. Sikumbuki nilivyoinywa, lakini niliinywa, maana nani mwingine? Nimemwomba Mungu anikumbushe, hajanikumbusha. Basi naungama hivyohivyo gizani." Kanisa likalipuka kwa wimbo. Ta Ishengoma, ambaye hakuwa mtu wa kukumbatia, alikwenda akamkumbatia. Shangazi alilia kwa furaha, akanivuta nisimame niimbe, na mimi nikasimama nikachezesha midomo tu. Nilifikiri paa litafunguka. Nilifikiri Mungu, ambaye hakumkumbusha Kaijage kwa sababu hakuna cha kumkumbusha, alikuwa ananitazama mimi moja kwa moja. Mwaka uliofuata nilirudishwa Hamugembe.

Tangu siku ile ya ushuhuda Ta Kaijage hakuonja tena pombe. Mkewe alipata mume, watoto wakapata baba, na mimi kwa miaka mingi nilijifariji kwa hilo. Nilijiambia uongo wangu umezaa mema, kwa nini niuguse? Kila niliporudi Kagoma kuzika au kuoza alinishika mkono mbele ya wageni akasema, "Huyu binti alikuwepo. Alinijua nikiwa mwizi." Na mimi, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kukemea watoto wa watu wakidanganya, nilikuwa natabasamu. Ila nilianza kuona mambo. Alikataa ufunguo wa kanisa walipompa, akakataa kushika kikapu cha sadaka. Akifika kwa jirani na kukuta mlango wazi, alikuwa anakohoa na kusubiri barazani hata nusu saa, haingii. Na popote alipokwenda alikwenda na Jovina, tangu mtoto huyo hajui kutembea vizuri. Siku moja Jovina, akiwa mtu mzima, aliniambia akicheka: "Mimi nilikuwa shahidi wa baba. Alikuwa ananiambia, twende, mwanangu, ili ukiulizwa nilifanya nini, useme. Sikucheza na wenzangu, Mwalimu. Nilikuwa namlinda baba na baba." Alicheka peke yake.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na niliposikia mwezi uliopita kwamba Ta Kaijage haamki tena kitandani, nikaona kifo kitamchukua yeye na kuniumbua mimi. Nikapanda gari hadi Kagoma na vikombe viwili na kipande cha khanga kwenye mkoba. Nilimkuta ameinuliwa kwa mito, mdogo mno, miguu ile imefunikwa blanketi. Vitukuu wake wawili walikuwa chumbani, nikasema nitawaonyesha mchezo wa maji. Nilikuwa naogopa hata kusema nimekuja kwa ajili yake. Nikaweka kikombe kimoja juu ya Biblia na kitabu cha nyimbo, Mungu anisamehe, hapakuwa na tofali. Kingine nikakiweka chini. Kitambaa kikapanda. Watoto wakashangilia. Ta Kaijage alikuwa anatazama bila kupepesa.

"Yanapanda?" akauliza.

"Yanapanda, Ta. Yakivuka ukingo yanashuka, hayaachi."

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha."

Tone likaanguka, na lingine. Kisha akauliza, polepole sana, "Hata rubisi?"

"Hata rubisi, Ta. Nilikiweka mimi. Nilikuwa najaribu somo la shule. Asubuhi nikakificha."

Akawaambia watoto wakacheze. Nikaanza kusema nisamehe, akaniinulia kidole ninyamaze. Alitoa mikono yake chini ya blanketi, akaitazama, mbele na nyuma, vilevile kama siku ile.

"Kwa hiyo sikunywa."

"Hukunywa."

"Hata tone?"

"Hata tone moja, waitu."

Akalia. Hakulia kama mtu aliyeonewa. Alilia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonwa na mamake. "Koku," alisema, "wizi nilikwisha samehewa, haukunisumbua. Kilichonisumbua ni kutokumbuka. Nimeishi na mtu ndani yangu nisiyemjua, anayeamka nikilala. Nimemwogopa maisha yangu yote. Kumbe hakuwepo." Nikamwambia nitasema kanisani Jumapili ile ile. Akakataa. Alitabasamu, na nikaona lile tabasamu la mkanyagaji. "Nikiwa hai watanionea huruma, nami siiwezi tena. Ngoja nilale. Niliungama dhambi yako kwa niaba yako, tena kwa sauti nzuri. Siku ya kunizika, zamu yako." Kisha akafumba macho, na bila kuyafumbua akasema, "Toa kitambaa, maji ya watoto yanaisha."

Jumatatu hiyo Kagoma ilijaa. Kaburi lilikuwa limechimbwa kibanjani, kati ya migomba yake. Mchungaji akasoma wasifu wa marehemu: kuzaliwa, kuoa, watoto, na kisha, kwa furaha kabisa, "mwaka ambao alikunywa rubisi ya wenyewe, Bwana akamwita kupitia dhambi hiyo." Watu wakaitikia amina. Nikaitwa. Nilikuwa nimeandika karatasi nzima na sikuisoma. Nilikitoa kile kipande cha khanga mkobani, nikakiinua, nikasema, "Ta Kaijage hakunywa. Rubisi iliondoka kwa kitambaa kama hiki, na aliyekiweka ni mimi, na aliyekificha ni mimi, na nimenyamaza tangu nina miaka kumi na miwili." Nikaeleza, kama ninavyowaeleza watoto, nyuzi, ukingo, uzito. Hakuna aliyeitikia amina. Mzee mmoja alivua kofia. Edisoni, bwana harusi wa vibuyu sita, sasa mzee mwenye fimbo, aliinamisha kichwa na hakukiinua.

Jovina akasimama. Nilidhani atanizaba kofi, na ningelipokea. Alikwenda kwa mchungaji, akachukua karatasi ya wasifu mkononi mwake, akaja nayo hadi niliposimama. Macho yake yalikuwa makavu. Miaka yote ile ya kumlinda baba na baba ilikuwa usoni pake, na nilitaka nizame kwenye nyasi kama ile rubisi. Akaniwekea karatasi juu ya Biblia ya mchungaji, akaonyesha mstari kwa kidole, akanipa kalamu.

"Futa mwenyewe, Mwalimu," alisema.

Wino ulikwenda upogo, lakini niliufuta ule mstari. Jovina akaisoma karatasi ile upya, yote, tangu kuzaliwa kwa marehemu, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani, kisha tukamshusha babake kaburini.